Nilivyomfuata Kulwa Machimboni ili Tupimwe Aibu

Tangu nirudi mmeniuliza safari ilikuwaje, nami nimewajibu "nzuri". Naona hamjaridhika. Juzi pale kwenye banda la kuziba pancha mlinizunguka watu sita, nikasema "nzuri" mara ya pili, kisha nikachukua baiskeli yangu kabla haijajazwa upepo, nikaisukuma hadi nyumbani. Njiani niliona kwamba sasa itabidi niandike. Naandika polepole, kwa hiyo na ninyi msome polepole. Mambo ya fomu na nauli nayaruka, maana hata mimi sikuyaelewa vizuri.

Kabla ya kutoka

Mnamkumbuka dada Rehema, mtafiti aliyekuja ofisi ya kijiji akitafuta mapacha. Alieleza kwamba wanataka kujua tabia za watu, kama aibu, ucheshi, hasira na woga, ni kiasi gani mtu anazaliwa nazo na kiasi gani anazipata katika maisha. Wanalinganisha watu wa familia moja: mzazi na mtoto, ndugu na ndugu, na zaidi ya wote mapacha. Wapo mapacha waliotoka katika yai moja, hao wamerithi vitu vile vile. Wapo wa mayai mawili, hao wanafanana kama ndugu wengine tu. Ukiwaweka wengi wa aina hii mbele ya wengi wa aina ile, unaanza kuona urithi umechangia wapi.

Mwenyekiti alitaka kumrahisishia kazi. Akatangaza kila Kulwa na kila Doto afike ofisini, kwa kuwa kwetu pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, awe wa kiume au wa kike. Alichosahau ni kwamba wengi wetu tumerithi majina ya babu na bibi. Walifika Kulwa sita na Doto wanne, mimi nikiwemo. Dada Rehema akawapanga wawili wawili, akabaki na wazee watatu wasiokuwa na mwenzao popote duniani. Mmoja alikataa kuondoka. Alisema ametembea tangu alfajiri, apimwe hivyo hivyo.

Ilipofika zamu yangu, Mama Shija jirani yetu aliingia pamoja nami bila kuitwa.

"Unapata shida kuzungumza na watu usiowajua?" dada Rehema aliniuliza.

Nilitazama viatu vyake.

"Andika ndiyo," Mama Shija alisema.

"Mama, naomba ajibu mwenyewe."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ametikisa," Mama Shija alisema. "Andika kabla hajabadili mawazo."

Tulimaliza maswali arobaini kwa namna hiyo. Mwisho dada Rehema aliuliza mwenzangu yuko wapi. Mama Shija akajibu kwamba Kulwa, kwa alivyosikia, yuko upande wa Geita, machimboni, na ana mdomo wa kutosha watu wawili. Dada akasema bila mwenzangu majibu yangu hayatatumika, na kwamba wapimaji wa mate, ambayo ndiyo yanaonyesha kama mapacha ni wa yai moja, wangekuwa Shinyanga mjini siku ya Jumamosi tu. Hapo ndipo niliposema maneno yangu ya kwanza siku ile.

"Dada, mkimaliza kutupima, mtaniandikia?"

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba ni damu."

Alinitazama kidogo. Akasema utafiti wao unazungumzia watu wengi kwa pamoja. Hauwezi kumwambia mtu mmoja kwa nini yuko alivyo. Nilisikia, lakini sikutaka kusikia. Nilisema nitamleta Kulwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamlijui, maana bila hilo safari yote haina maana. Mnakumbuka maksai wa Mama, yule Kijivu, aliyekufa miaka miwili iliyopita baada ya kula pamba iliyopigwa dawa. Mliambiwa Kulwa ndiye aliyekuwa akichunga. Haikuwa Kulwa. Nilikuwa mimi. Niliwaona kina mama wakirudi kutoka mnadani Mhunze, wengi, wakicheka. Nikaona nitalazimika kumwamkia mmoja mmoja, nikajificha nyuma ya kichuguu hadi wapite. Walipita polepole mno. Nilipotoka, Kijivu alikuwa katikati ya pamba ya jirani.

Jioni Baba Mkubwa alitukalisha. Kabla hajauliza alikwisha kumgeukia Kulwa, kwa kuwa Kulwa ndiye mpiga soga, na mimi ndiye mtulivu. "Wewe na stori zako," alimwambia. Kulwa alinitazama akangoja. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kesho yake asubuhi Kulwa hakuwepo.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kwenda. Moja nilimwambia Mama: nakwenda kumleta Kulwa tupimwe. Ya pili sikumwambia mtu: nilitaka kumwomba msamaha. Na kama ningeshindwa, nilitaka karatasi yenye muhuri inayosema kwamba nilizaliwa hivyo.

Mhunze hadi Kahama

Tulichokuwa nacho ni mfuko wa plastiki. Mwaka jana Kulwa alimtumia Mama kitenge kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, na mfuko ulikuwa na jina la duka la Nyasubi, Kahama. Namba ya simu ya Kulwa ilikuwa haipatikani siku nyingi. Nikaukunja mfuko, nikautia mfukoni, nikaondoka Jumatatu.

Shinyanga nilifika mapema. Stendi niliona basi lenye kibao cha Kahama, mlango wazi, ndani baridi nzuri. Nikaingia, nikakaa dirishani. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami nikafurahi kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. Zilipita saa mbili. Niliona mabasi mengine yakiondoka, nikayaonea huruma kwa haraka yao. Baadaye fundi mmoja alichomoza kutoka uvunguni, uso mweusi kwa oili.

"We kijana, unasubiri nini humu?"

"Kahama."

"Utafika kwa kusukuma? Hili halina injini. Injini iko Mwanza tangu wiki iliyopita."

Alipiga mluzi kuwaita wenzake waje wamwone abiria wao. Walikuja wanne. Mmoja aliniuliza nataka kushuka kituo gani. Nilitamani injini irudi ghafla inichukue.

Njiani, ndani ya basi lenye injini, nilimwonyesha mama aliyekaa karibu nami kilima kikubwa cha Buzwagi, kilichokatwa ngazi ngazi vizuri. Nilijikaza, nikasema ni kilima kizuri. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwa mtu nisiyemjua, bila kuulizwa, na nilijivunia. Akaniambia kile ni kifusi cha mgodi. Nilinyamaza hadi Kahama.

Nyasubi

Jumanne asubuhi niliingia kwa mama lishe mmoja pale Nyasubi kabla ya kutafuta duka. Nilitaka chai na chapati. Akaniletea supu ya utumbo ya mteja mwingine. Nikaona kumwambia ni usumbufu, nikaila. Mteja mwenyewe akafika, akauliza supu yake. Mama lishe akamtengenezea nyingine, nayo kwa bahati mbaya akaniletea tena mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama. Nikaila na hiyo. Yule bwana alinisogelea akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, tumegombana wapi?"

Duka nililiona. Ni la vifaa vya ujenzi na vya machimbo, kamba, sururu, mabomba. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, familia yao iko Kahama tangu enzi za babu yake, anaongea Kisukuma kuliko wengi wetu. Nilisimama mlangoni muda, nikipisha wateja. Niliwapisha saba.

"Mwangaluka," mzee alinisalimia mwishowe. "Wewe mlango umekukosea nini? Ingia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

Nikampa mfuko. Akaugeuza pande zote mbili.

"Unarudisha mfuko?"

"Namtafuta Kulwa."

Mzee alicheka hadi mwanawe akatoka nyuma ya rafu kuangalia. "Kulwa! Hapa wamepakia mizigo Kulwa wangapi, Imrani?"

"Watatu," mwanawe alisema. "Mmoja ni yule mama. Halafu yule mcheshi, aliyekuwa anawaigiza wateja. Huyo sasa yuko Ushirombo. Na yule wa kimya, aliyekwenda na kamba zetu machimbo ya Kwa Bibi, mbele ya Katoro."

"Yule wa kimya alikuwa mtu mzuri," mzee alisema. "Alikaa hapa miezi sita, sijui hata sauti yake. Wewe wako ni yupi?"

"Yule mcheshi," nilisema haraka. Sikuhitaji kufikiri. Kulwa akiwa kimya? Akiwa mgonjwa wa malaria Kulwa huongea na neti.

Mzee akataka kujua nina shida gani naye. Nikajikuta nimeeleza kuhusu utafiti, kwa sentensi kama nane, nikatoka jasho. Alipenda sana. "Hata hapa wangekuja," alisema. "Baba yangu alikuwa bahili wa maneno. Mimi nilikuwa bahili wa maneno, muulize marehemu mke wangu. Sasa huyu." Akamnyooshea Imrani kidole. "Anaongea na mizani."

"Mizani inajibu," Imrani alisema. "Wewe hujibu."

Ushirombo, ambako sikutakiwa kwenda

Nilifika Ushirombo Jumanne hiyo hiyo alasiri, nikaonyeshwa nyumba ya kina Kulwa mcheshi nje kidogo ya mji. Ni wakulima, watu wa kanisa, na ukumbini kuna rozari kubwa ukutani. Walikuwa wanapukuchua mahindi, familia nzima imekaa kwenye turubai. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya gunia akimwigiza katekista wao anavyokohoa kabla ya tangazo. Mama yake analia kwa kucheka.

Hakuwa Kulwa wangu.

Hapo mtu mwingine angesema "samahani, nimekosea" akageuka. Mimi walinipisha nikae, nikakaa. Walinipa mahindi nipukuchue, nikapukuchua. Waliamini nimekuja kusaidia, labda nimetumwa na jirani. Nilipukuchua gunia zima kabla mtu hajaniuliza jina.

"Doto," nilisema.

Mama wa nyumba akaacha kazi. "Doto wa nani?"

"Namtafuta Kulwa."

Yule mcheshi akaruka kutoka kwenye gunia. "Mama! Nimepatiwa mwenzangu! Miaka ishirini na mitatu mlimficha wapi?" Akanikumbatia, akanizungusha, akaniita pacha wake mbele ya majirani waliokuja kuangalia. Kumbe naye jina amerithi kwa babu yake, hajawahi kuwa na pacha.

Nilipoeleza, walinihurumia sana, na huruma yao ilikuwa chakula. Ugali, kuku, njugu mawe, maziwa ya mgando. Jumatano nilisema naondoka, mama akasema mgeni haondoki siku ya mvua. Hapakuwa na mvua. Akasema itanyesha. Nilipukuchua gunia la pili.

Nilimuuliza yule mama, maana pale nilikuwa nimezoea kidogo, kama huyu mwanawe alizaliwa mcheshi. Akasema, "Aliniongelesha tangu tumboni." Nikauliza kama ni damu ya yule babu aliyempa jina. Wote walicheka. Yule babu, walisema, alikuwa mtu wa kukaa pembeni. Padre alipomtembelea alikuwa anapitia dirishani aende shambani. Nilimpenda babu huyo papo hapo.

"Jina kachukua kwa babu," mama alisema, "mdomo sijui kaokota wapi."

Usingizi haukuja vizuri usiku ule. Siku tatu za safari zilikuwa zimekwisha, na Kulwa pekee aliyebaki ni yule wa kimya, ambaye nilikuwa na hakika si yeye.

Runzewe, Bwanga, Katoro

Alhamisi nilipita Runzewe na Bwanga bila kosa lolote kubwa. Bwanga nilipanda bodaboda nikakaa kinyume, nikitazama nilikotoka, kwa sababu dereva alikuwa amefunga mzigo wake mbele ya kiti nikadhani ndivyo inavyokaliwa. Aliendesha kama kilomita moja kabla watu wa barabarani hawajamwambia.

Njiani nilijizoeza la kumwambia Kulwa. "Kaka, ile siku ya Kijivu." Hapo nilikwama. Nilijaribu tena, "Kulwa, mimi." Nikakwama mapema zaidi. Dereva aliuliza kama nasali. Nikasema ndiyo.

Kwa Bibi

Machimbo yenyewe yanaitwa Kwa Bibi kwa sababu shamba lilikuwa la bibi mmoja aliyelima mihogo. Sasa ni maturubai, vumbi, na mashimo marefu wanayoyaita maduara. Watu wanashuka ndani kwa kamba, mawe yanavutwa juu kwa winchi ya mikono, kisha yanasagwa kwenye karasha, mashine inayopiga kelele kama bati linalogombana na bati.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nyumbani wote husema mimi na Kulwa tunafanana kama chupa mbili za soda. Kwa hiyo nilipanga kutembea tu katikati ya machimbo, taratibu, uso wazi, mpaka mtu apige kelele "Kulwa!" Hapo nisingelazimika kumuuliza mtu yeyote. Nilipita mara tatu. Mara ya nne mlinzi wa karasha alinisimamisha.

"Unapima eneo?"

Ikabidi niende kwa mama mmoja aliyekuwa anauza uji chini ya turubai. Wachimbaji kama kumi walikuwa wamekaa wakinywa. Wote wakaacha kunywa nilipofika, au niliona hivyo.

"Mama, shikamoo. Namtafuta Kulwa."

Alikuwa mtu wa kusaidia. Akaweka upawa chini, akaita kwa sauti iliyoshinda karasha, "Kulwaaa!"

Walitoka watano. Mmoja mzee mwenye mvi, mmoja binti mwenye beseni la vitumbua, wawili wakiwa wamejaa tope hadi kope, na mmoja alitoa kichwa kwenye duara akauliza nani amekufa. Hakuna aliyekuwa wangu. Nikawaomba radhi wote, mmoja mmoja, na yule wa kwenye duara nikamwinamia.

"Wako yukoje?" mama wa uji aliuliza.

"Anaongea sana," nilisema. "Anachekesha watu. Akiingia mahali watu wanamzunguka. Hawezi kukaa kimya." Nilisikia sauti yangu inapanda. "Mtu akionewa anasema. Yeye ndiye anayesema."

"Huyo hapa hatuna," mama alisema. "Tungemjua."

Nikakaa kwenye gogo. Nilikuwa nimemaliza nchi nzima ya kumtafutia. Mama akanimiminia kikombe cha uji, nami nikakishika bila kunywa.

Mtu aliyekuwa amekaa hatua tatu mbele yangu, amenipa mgongo, akaweka kikombe chake chini. Mgongo ulikuwa mpana, kichwa kimenyolewa.

"Nilitaka nione kama utauliza mwenyewe," alisema, akageuka.

Alikuwa Kulwa, uso umejaa vumbi la mawe hata mimi nusura nisimtambue.

Wa kwanza kushtuka alikuwa mama wa uji. "Bubu! Kumbe unaongea?"

Ndivyo wanavyomwita Kwa Bibi. Bubu. Wengine walikuwa wanasogea kusikiliza, kama watu wanaosikia mbuzi akitaja jina lake.

"Umekuja peke yako?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Umeuliza watu njiani?"

"Ndiyo."

"Wangapi?"

"Wengi. Nimepukuchua mahindi ya watu."

Akacheka kidogo, kicheko chake kile kile, halafu kikakatika. Nikamweleza utafiti wote, maswali arobaini, mate, Jumamosi. Alisikiliza bila kuingilia hata mara moja, jambo lililonitia hofu.

"Kwa nini huongei siku hizi?" niliuliza.

"Sijui kama niliwahi kupenda kuongea," alisema. "Nyumbani mtu alikuwa anakuuliza wewe kitu, unatazama chini. Kimya kinakaa hapo katikati, kinaniuma. Najibu mimi. Mwalimu akikuuliza, najibu mimi. Mtu akija nyumbani, nachekesha mimi ili asikutazame. Nilipofika huku hapakuwa na mtu wa kujibiwa. Nikapumzika."

Nilikunywa uji wote kwa mkupuo, ulikuwa wa moto.

"Kulwa, ile siku ya Kijivu," nilianza.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilikuwepo."

"Twende nyumbani nikaseme."

"Ukifika nyumbani utatazama chini, nami nitajibu tena. Sitaki. Mpigie Mama sasa. Ukisema, nakuja. Usiposema, mwambie huyo dada akupime peke yako."

Juu ya kifusi

Mtandao wa Kwa Bibi uko mahali pamoja, juu ya lundo la kifusi karibu na karasha. Kuna foleni. Watu wanapanda, wanaongea na wake zao mbele ya kila mtu, wanashuka. Hakuna anayejali. Mimi nilijali kwa niaba ya wote.

Zamu yangu ilipofika nilipanda. Kulwa alibaki chini, mikono nyuma. Mama alipokea kwa kupiga kelele kama kawaida yake.

"Haloo! Nani?"

"Mama, mimi Doto. Ni mimi niliyekuwa na Kijivu."

"Nini? Sikusikii! Kuna mashine!"

"Ni mimi niliyekuwa na Kijivu siku ile!"

"Umekula kivuko?"

Nikajaza pumzi, nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe, "NI MIMI NILIYEMUUA KIJIVU, MAMA! SI KULWA!"

Foleni nzima ilinigeukia. Mwenye karasha, mtu mnene mwenye kofia ya manjano, akainua mkono kwa vijana wake. "Zimeni," alisema. "Huyu kaka ameua."

Karasha ikazimwa. Sikuwa nimejua jinsi pori lile lilivyo kimya. Simu ilikuwa kwenye spika, maana bila spika haisikiki, na watu wapatao thelathini walisimama wakingoja.

"Maksai," nilimwambia mwenye karasha. "Ni maksai."

"Endelea, endelea," alisema.

Na Mama, kutoka upande wa pili, sauti imetulia kabisa: "Kulwa, mwanangu, acha mzaha wako. Miaka miwili husemi na mama yako, leo unanipigia unajifanya Doto."

"Mama, mimi ndiye Doto."

"Doto hajui kupiga kelele hivyo. Nimemzaa, namjua. Mpe simu mwenzako."

Wachimbaji walianza kucheka. Mimi nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa nimesema, hatimaye, nimesema mara tatu, na sikuaminika kwa sababu nimesema.

"Mama," nilisema taratibu. "Kina mama walikuwa wanarudi kutoka Mhunze. Mama Shija alikuwa mbele, amebeba kuku wawili. Niliona aibu kuwaamkia. Nikajificha nyuma ya kichuguu kile cha mpakani. Kijivu akaingia kwenye pamba. Baba Mkubwa alipomgeukia Kulwa nilinyamaza. Kulwa alijua, naye akanyamaza kwa ajili yangu. Hakuna mwingine anayejua habari ya kichuguu."

Tulisikia majogoo wa Mama. Hakuna mtu aliyecheka sasa. Yule wa kofia ya manjano alikuwa ameivua.

"Doto," Mama alisema.

"Naam."

"Mwenzako yuko hapo?"

"Yuko."

"Ananisikia?"

Kulwa akapanda kifusi hatua mbili. "Nakusikia, Mama."

"Nilikuambia maneno mabaya siku ile, mwanangu. Nilisema heri ungeondoka."

"Nayakumbuka," Kulwa alisema.

"Njoo ule."

Nami akaniambia nikifika nitamweleza Baba Mkubwa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nisimtume Mama Shija. Kisha salio likaisha. Mwenye karasha akarudisha kofia kichwani, akasema, "Haya, washeni," na watu wakaendelea na kazi zao kana kwamba sikuwa mtu.

Kurudi

Tulirudi Ijumaa, na Jumamosi tukatema mate kwenye vichupa Shinyanga. Dada Rehema alitutenganisha vyumba viwili. Alipomaliza nami aliniuliza kama bado nataka aniandikie. Nikasema hapana, asante dada. Aliniambia hata Kulwa amemjibu kwa kutikisa kichwa, na kwamba sasa amechanganyikiwa nani ni nani katika karatasi zake. Kama sisi ni wa yai moja au mawili majibu bado, na Kulwa anasema yeye ni wa yai kubwa.

Kwa Baba Mkubwa nilichukua muda mrefu. Aliniambia mara mbili niongeze sauti. Kulwa alikaa pembeni yangu, akajiziba mdomo kwa kiganja, nikaona anavyoteseka. Nilimaliza peke yangu. Baba Mkubwa alimshika Kulwa mkono, wakakaa hivyo. Mimi adhabu yangu mmeiona wenyewe bila kujua: ndiyo maana msimu huu nalima shamba lake na letu kwa jembe la mkono.

Kulwa alikaa wiki tatu, akarudi Kwa Bibi. Anasema amezoea, na kazi ya winchi anaiweza. Mama alimsindikiza hadi Mhunze. Kulwa aliponiaga aliniachia namba yake mpya, akasema yeye hatapiga, nipige mimi.

Jana nilipiga. Akapokea. Nilisikia karasha kwa mbali, naye sijui alisikia nini. Tulikaa hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, nikahesabu hadi thelathini na kitu.

Nikaanza mimi.